Sura ya Saba: Kengele Katikati ya Chai

Mahabusu ya wanawake ilikuwa na dirisha moja tu, tena limewekwa juu kabisa, kana kwamba aliyelijenga aliogopa jua lisije likatoroka. Chini ya dirisha hilo mjane wa seremala aliketi juu ya blanketi la serikali, lile linalowasha kama upupu, akimnyonyesha mwanawe. Mtoto alinyonya kwa hasira. Maziwa yalikuwa yanakauka.

"Jana ulikula?" Inspekta aliuliza.

"Nililetewa."

"Sijauliza kama uliletewa."

Inspekta akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia kama mlango wa zamani. Pale kituoni Inspekta huyu mwanamke aliitwa Mama Subiri, kwa sababu neno hilo lilikaa mlangoni mwa kinywa chake. Waliomwita hivyo walihakikisha kwanza yuko mbali. Akiwa karibu walimwita afande na kugonga visigino.

"Mdogo wangu, saa sita unapelekwa mahakamani," alisema. "Mkuu wa kituo ameshaamua. Anasema ulinunua sumu ya panya. Anasema usiku wa kuamkia siku aliyokufa mumeo mligombana mpaka jirani akaongeza sauti ya redio. Na asubuhi yake uliingia katika ukumbi wa chama chake, ukasimama pale penye vikombe. Sumu ilikuwa kikombeni mwake, si kwenye birika. Mimi nikimwambia asubiri, ananiambia kichwa changu kimekuwa kigumu."

"Panya walikuwa wanakula gundi karakana," mjane alisema polepole, kama mtu aliyelisema jambo hilo mpaka likaisha ladha. "Na ukumbini nilimpelekea shati. Alitoka na lile la kazini, limejaa vumbi la mbao. Ningemwacha akakae na wakubwa vile? Wangesema hana mke."

"Na ugomvi?"

"Ulikuwa juu ya hao hao wakubwa. Nilimwambia, wewe na watu wenye magari wapi na wapi? Akacheka. Akasema chai ni chai."

"Kati yao yupo aliyewahi kufika kwenu?"

"Yule mfamasia mwembamba tu. Alikuja karakana siku chache kabla, akawa anamtania: 'Bwana wewe una bahati, umerithi na mwenyewe yu hai!' Wakacheka mpaka nikaacha kufua nikaenda kuchungulia."

Inspekta aliyasikia maneno hayo na kuyaweka kando, kama mtu anavyoweka ufunguo asiojua ni wa mlango gani. Alikuwa ameshasimama mjane alipomshika upindo wa suruali.

"Afande, na mimi nikuulize moja. Mume wangu hakuwa mtu wa kunywa kitu kichungu. Dawa ya kikohozi alikuwa anaitema kama mtoto, mpaka nimfukuze na kijiko uani. Wanasema ile chai ilikuwa chungu. Kwa nini kule aliimeza?"

Na Mama Subiri akikosa jibu, hatungi. Alimtazama mtoto, akatoka.

*

Chama cha Mkono kwa Mkono kilikutana kila Jumatano asubuhi, kabla watu hawajafungua maduka na ofisi, katika ukumbi wa nyumba moja ya wageni karibu na stendi. Walikula mkate na mayai, wakanywa chai, kisha wakapanga wema: choo cha shule hapa, kiti cha magurudumu pale, miwani kwa wazee. Ukutani palikuwa na ubao mrefu uliopigiliwa misumari, na kwenye kila msumari kilining'inia kikombe cha udongo chenye rangi nyeusi ya kung'aa nje na ndani. Kila mwanachama alikuwa na chake. Juu ya ubao walikuwa wameandika kwa rangi nyekundu: ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO.

Inspekta aliwaagiza wanachama jambo moja tu siku hiyo: wafanye kila kitu kama walivyofanya Jumatano iliyopita, siku seremala alipofia mezani pao. Wakae walipokaa. Waseme walichosema.

"Na wale walichokula?" Koplo alimnong'oneza. Koplo alikuwa kijana mnene mwenye akili nzuri, tatizo akili hiyo ilikuwa na njaa muda wote. "Afande, sumu ilikuwa kwenye kikombe. Mkate hauna kesi. Mkate tusiufunge pamoja na chai."

"Subiri."

"Nasubiri, afande. Tumbo ndilo halijui sheria."

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyesikia. Wanachama waliingia wakikanyaga taratibu kama watu walioingia chumba cha mgonjwa. Mwenyekiti aliketi kichwani mwa meza. Alikuwa bwana mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye maduka ya mashine na vifaa, na mbele yake ilikaa kengele ya shaba yenye mpini wa mbao. Kulia kwake aliketi Mfamasia, katibu wa chama, mwembamba kiasi kwamba koti lilionekana limetundikwa badala ya kuvaliwa. Upande wa pili aliketi mwanamke mzee mwenye mikono mikubwa, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mji. Wote walimwita Mama Mkunga, hata wenye mvi. Baada ya kifo kile shinikizo la damu lilimlaza hospitali, na leo ndiyo mara ya kwanza alikuwa ametoka. Kando yake kilikuwa kiti kitupu.

"Karibu, afande," Mwenyekiti alisema. "Nyumba hii ni yako. Bora tu haki itendeke. Yule binti, mjane wake, inauma, lakini sumu ni sumu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kweli, mzee," Inspekta alisema. "Sasa tuanze. Mlianzaje?"

Mwenyekiti akaipiga kengele. Na hapo Inspekta akaona jambo ambalo hakuna karatasi ya maelezo iliyomwambia. Ukumbi mzima uliganda. Aliyekuwa anavuta kiti alikishikilia hewani. Aliyekuwa anakohoa alikimeza kikohozi. Hata mhudumu, binti aliyeshika birika, alisimama na mguu mmoja mbele, kama kuku anayesikiliza.

"Endeleeni," Mwenyekiti alisema, na dunia ikaendelea.

"Ndiyo sheria yetu," Mfamasia alieleza, akiona macho ya Inspekta. "Kengele ikilia hakuna kusogea wala kusema mpaka Mwenyekiti atamke. Zamani tulikuwa tunapiga kelele kuliko stendi. Sasa mkono wenyewe unaganda kabla hujaamua."

"Halafu?"

"Halafu tunachukua vikombe."

Wakainuka wakaenda ubaoni, kila mmoja akachukua chake. Msumari wa tatu ulikuwa mtupu, kwa kuwa kikombe chake kilikuwa maabara, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Inspekta akawahesabu kwa macho, kisha akapunguza mwendo wa macho hayo, kisha akayasimamisha. Kila mtu alikuwa na kikombe cheusi mkononi isipokuwa mmoja. Mama Mkunga alikuwa ameketi na bilauri ya kioo ya nyumba ya wageni.

"Mama," Inspekta alimwita, "chako kiko wapi?"

Bibi alimtazama kama anayeulizwa jua hutokea upande gani.

"Ninyi si ndio mnacho?"

Vikombe vilisimama hewani bila kengele kulia.

"Tulichonacho ni cha marehemu," alisema Inspekta.

"Marehemu hakuwa na kikombe, mwanangu. Kilikuwa changu. Mtu akiingia chamani, mwaka wa kwanza hapewi msumari. Anakunywa kwa kikombe cha aliyemleta, na aliyemleta anakunywa kwa bilauri kama mgeni, ili wote wawili wajifunze unyenyekevu. Mimi ndiye niliyemleta yule kijana. Alitutengenezea magongo ya walemavu bila kudai, nikasema huyu mwanangu wa uzeeni."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza. Mlikuja hospitali mkaniuliza kikombe cha marehemu kilikaa wapi. Nikawaambia, msumari wa tatu. Si ndipo kilipokaa?"

Koplo alijikohoza. Wiki nzima walikuwa wamefukua maisha ya seremala kama mbwa anavyofukua bustani: wateja wake, shemeji zake, mwanamke aliyewahi kumpenda kabla hajaoa. Walitafuta adui wa mtu asiyekuwa na adui. Umerithi na mwenyewe yu hai. Ufunguo ule ulikuwa umepata mlango wake.

"Mama, njoo tuongee kidogo pale nje," Inspekta alisema. "Ninyi wengine kaeni. Koplo, hakuna anayetoka."

"Na mkate, afande?"

"Nao hautoki."

*

Kwenye baraza kulikuwa na beseni la kufulia lililopinduliwa na viti viwili vya plastiki. Kutoka stendi zilisikika honi. Mama Mkunga alikaa akaweka mikono yake mikubwa mapajani, kama vitu alivyoazimwa.

"Nani angetaka ufe wewe?" Inspekta aliuliza moja kwa moja.

"Mimi?" Bibi alitaka kucheka, kicheko kikakwama. "Mimi nimeshaanza kujifia mwenyewe, anayenisaidia ana haraka gani? Hapana, mwanangu. Aliyeweka sumu alimtaka kijana. Kila mtu alijua kikombe nimeshampa. Nilimpa mbele ya watu, wakapiga makofi."

"Lini?"

"Jumatano ya kabla ya ile ya msiba."

"Ilitangazwa mapema kwamba siku hiyo utampa?"

"Haitangazwi. Kura tulishampigia zamani. Siku anaichagua mwenye kikombe, ghafla kama mvua. Hata kijana mwenyewe alishtuka."

"Kwa hiyo waliojua ni waliokuwapo."

"Ndiyo maana nasema, kila mtu..." Bibi hakuwa mjinga. Aliutazama mlango wa ukumbi, kwa ndani maneno mekundu yakisomeka juu ya ubao.

"Asiyekuwapo," Inspekta alimsaidia. "Asiyekuwapo hakujua. Yeye aliona msumari wa tatu, akaona kikombe cha Mama Mkunga. Kwa hiyo nakuuliza tena. Nani?"

Bibi alianza mbali, kama wazee wanavyofanya wanapoogopa kufika.

"Mwaka jana chama kiliipa wodi ya wazazi kitanda cha joto. Cha watoto njiti, wanaozaliwa kabla ya siku zao. Tulipiga picha, tukakata utepe. Mwezi uliopita kilizima usiku na taa yake ikabaki inawaka, muuguzi akadhani kinafanya kazi. Asubuhi wakakuta mtoto amepoa." Alisugua kiganja kwa kiganja. "Waliniita mimi, kwa kuwa mama yake nilimzalisha mimi pia. Nikakitazama kile kitanda. Nikakikwaruza kwa ukucha. Chini ya rangi mpya kulikuwa na rangi nyingine, na chini ya hiyo kutu. Kilikuwa chuma chakavu, mwanangu. Kimepakwa poda kama bi harusi."

"Nani alikileta?"

"Sikumwambia mtu. Nilimtunzia heshima aliyekileta. Nilimkuta hapa mlangoni asubuhi ya Jumatano ile ile niliyompa kijana kikombe, nikamwambia: nakupa wiki moja, simama mwenyewe useme mbele ya wenzako. Usiposema wewe, Jumatano ijayo nasema mimi. Mtu mzima hupewa nafasi ya kujivua nguo mwenyewe."

"Nani, Mama?"

"Uliza kwanza nani hakuwapo," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa imezeeka njiani. "Nisije nikamtaja mtu kwa hasira. Nikimtaja mimi, itakuwa nimemuua yule kijana kwa kikombe changu, kisha namuua na huyu kwa mdomo wangu."

*

Inspekta aliporudi alibaki amesimama.

"Mtu akikosa mkutano mnamfanya nini?"

"Anaimba!" walijibu kwa pamoja, wakaona haya kwa jinsi walivyochangamka. Fundi cherehani mmoja akaongeza, "Jumatano inayofuata, akiwa amesimama juu ya kiti. Hakuna udhuru, hata ukiwa umefiwa."

"Jumatano ya msiba aliimba nani?"

Shingo zote ziligeuka kwa Mfamasia. Akajishika ukosi wa koti.

"Aliimba huyu," alisema fundi cherehani. "Kama sauti ile inaitwa kuimba. Tulidhani mlango unahitaji mafuta."

"Nilikuwa nimesafiri," Mfamasia alisema. "Nilikwenda kuchukua dawa. Afande, usiniangalie hivyo. Mimi nauza dawa ya panya, ndiyo, hata kiwi ya viatu nauza."

"Ufunguo wa ukumbi huu anao nani?"

"Mimi." Akaelekeza kidevu kichwani mwa meza. "Na Mwenyekiti."

Koplo aliuacha mlango akasogea, mkono ukagusa pingu kiunoni. Kila kitu kilikuwa kimejipanga vizuri: dawa, ufunguo, kiti kitupu siku ya kikombe. Fundi cherehani, aliyekuwa anamtania sasa hivi, alisogeza kiti chake mbali naye kidogo.

"Subiri," Inspekta alisema. "Koplo, rudi. Huyu alijua."

"Nilijua nini?" Mfamasia aliuliza.

"Uliporudi safari ulikwenda karakana kwa seremala, ukamwambia amerithi na mwenyewe yu hai. Nani alikwambia?"

"Mama Mkunga mwenyewe! Alipita dukani kununua pamba, akanipa habari akiwa na furaha kama mtu aliyepata mjukuu. Nikaenda kumpongeza kijana. Ni kosa?"

"Ni bahati yako," Inspekta alisema. "Anayejua kikombe kimehama hamtegi bibi kwa kikombe kile. Na seremala hukuwa na sababu ya kumuua. Hebu kaa, kabla hujaanguka."

Mfamasia alikaa. Alifikicha macho. Inspekta akaanza kuzunguka meza polepole, nyuma ya migongo ya watu, na kila mgongo ulinyooka alipoupita.

"Siku ya kikombe, waliokaa hapa mwanzo mpaka mwisho ni nani na nani?"

"Wote," alisema fundi cherehani. "Wote isipokuwa huyu mwimbaji."

"Na aliyekuwa anaongoza pale Mama alipomkabidhi kijana?"

"Aliongoza makamu. Maana Mwenyekiti..." Fundi akasita, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Mwenyekiti alikuwa nje anaongea na simu. Alipiga kengele ya kufungua, akatoka. Akarudi mwisho, vikombe vimeshaoshwa, akapiga ya kufunga."

"Na hakuimba."

"Mwenyekiti haimbi, afande. Ndiye anayeimbisha. Na kengele zote mbili alipiga yeye, nani angesema hakuwapo?"

Mwenyekiti alitabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, lililozoea kukata utepe.

"Afande, simu ya biashara haijawa jinai. Kuna mtu yeyote wa mji huu asiyepokea simu?"

"Hayupo," Inspekta alikubali. "Basi tumalizie tulichoanza. Tulifika kwenye vikombe. Kisha?"

"Kisha chai," alisema Mfamasia. Sasa alikuwa na hamu ya kusaidia, kama anavyokuwa na hamu mtu aliyenusurika. "Mgeni ndiye anayeonja kwanza, amesimama. Sisi tunamtazama, ndipo tunywe. Kijana alikuwa na shati jeupe, bado lina mikunjo ya pasi. Akasimama pale. Akainua kikombe. Na hapo ndipo..." Alikunja uso. "Hapo ndipo kengele ilipolia."

Inspekta alikuwa amelisoma jambo hilo wiki nzima katika maelezo ya mhudumu: *kengele ililia katikati ya chai, tukacheka*. Koplo mwenyewe alilipigia mstari kisha akaufuta, akisema hata kengele ina haki ya kukosea.

"Mkono uliteleza," Mwenyekiti alisema.

"Nionyeshe ulivyoteleza. Mama, nisaidie. Simama aliposimama kijana, ushike bilauri yako alivyoshika."

Mama Mkunga alisimama. Mhudumu alimmiminia chai. Bibi akainua bilauri mpaka karibu na midomo. Mvuke ukampanda usoni.

"Piga, mzee," alisema Inspekta.

"Huu ni mchezo wa kuigiza sasa."

"Piga."

Mwenyekiti akapiga. Ukumbi ukaganda. Vijiko vilisimama, vidole vilisimama, bibi alisimama na chai mdomoni pasipo kuinywa. Inspekta peke yake, asiyekuwa mwanachama, ndiye aliyebaki na ruhusa ya kusema.

"Siku ile ulikaa kimya muda gani?" aliuliza taratibu.

Mwenyekiti aliukazia macho mpini wa kengele.

"Usiniambie mimi. Kaa kimya kama ulivyokaa. Halafu useme ulichosema."

Kimya kilianza kidogo, kikakua. Nje honi moja ililia ikanyamaza. Wenzake walimtazama, na hakuna aliyeweza kumwokoa hata kwa kikohozi, kwani hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe. Chai ilipoteza mvuke. Mkono wa bibi ulianza kuchoka, bilauri ikacheza, lakini hakuishusha. Alimtazama Mwenyekiti juu ya ukingo wa kioo kwa macho yaliyowaona watu wengi wakiwa uchi siku yao ya kwanza duniani.

Sasa kila mtu mezani alikuwa anakumbuka kitu kilekile. Siku ile kimya kilikuwa kirefu. Kijana alisimama na kikombe mdomoni, akazungusha macho, akajifanya sanamu ili awachekeshe, nao wakacheka kwa pua maana midomo ilikatazwa. Walidhani Mwenyekiti anamtania mgeni.

"Niliona kikombe," Mwenyekiti alisema mwishoni. Sauti yote ya maduka na mikutano ilikuwa imemtoka, imebaki ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Niliona kiko kwake. Sikujua kama amepewa. Haki ya Mungu sikujua. Mkono ukaipiga kengele wenyewe."

"Ukaweza kusimamisha watu wote," Inspekta alisema. "Kikombe hakijagusa ulimi. Ulihitaji neno moja."

"Ningesema nini? Ningesema usinywe, wangeuliza nimejuaje."

"Ukasema nini?"

Akaisukuma kengele mbali naye. Jasho lilimtiririka pembeni mwa sikio likaingia kwenye ukosi.

"Sema."

"Nilisema, endeleeni."

Na neno lilipotoka, mikono iliyolizoea miaka na miaka ikalitii kabla ya vichwa. Kiti kilivutwa. Kijiko kikazunguka ndani ya kikombe, mara moja, mara mbili. Kisha kila mtu akasikia alichokifanya, kijiko kikasimama, na fundi cherehani akaweka kiganja juu ya kikombe chake kana kwamba anakifumba macho.

Mama Mkunga akaishusha bilauri mezani. "Wiki nzima nilikupa useme juu ya kile kitanda," alimwambia Mwenyekiti. "Wiki nzima, baba."

Koplo alikwenda na pingu bila kuambiwa. Alipopita karibu na sahani ya mkate hakuitazama. Inspekta akatoa simu akampigia Mkuu wa kituo, akamwambia gari lisiondoke, mama mwenye mtoto asipandishwe, na kama kichwa chake ni kigumu basi aje akipasue mwenyewe. Mkuu aliuliza ana uhakika gani. Alimjibu kuwa ana chumba kizima cha mashahidi, na wote walikuwapo.

Alitoka akasimama barazani. Mjane angefunguliwa kabla ya saa sita, angekwenda nyumbani, angelala, pengine na maziwa yangerudi. Kisha angeuliza tena lile swali lake, kwa nini mtu aliyekuwa anatema dawa ya kikohozi aliimeza chai ile chungu. Sasa Inspekta alikuwa na jibu. Mumewe alikuwa na shati jeupe, watu wazima wanamtazama, na mkubwa wao amemwambia aendelee.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya beseni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alijiambia mwenyewe: subiri. Kisha akainuka akaenda kumwambia.